Michungwa ya Kanisa na Jirani Tuliyemsingizia

Mchungaji alipotuomba tuandike kuhusu imani na kazi ya mikono, tulikaa chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa tukapanga kuandika juu ya mavuno. Tungeeleza jinsi tulivyopanda, tulivyomwagilia, na jinsi Bwana alivyobariki. Mama mmoja kati yetu akasema, "Tukiandika hivyo tutakuwa tumeruka ukurasa." Tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alijua ni ukurasa gani. Haya tunayoandika ndiyo ukurasa huo.

Sisi ni kikundi cha shamba cha mtaa wetu wa Miteja, wilaya ya Kilwa. Tuko watu 12. Wanaosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hutupita baada ya Somanga, kabla hawajafika Nangurukuru, na wengi hawashuki. Kanisa letu ni dogo, la bati, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Tumezoea kuishi hivyo. Msiba ukitokea upande wowote, wote tunakwenda. Mwezi wa Ramadhani tunaletewa futari, na sikukuu ya Krismasi sisi tunapeleka pilau.

Shamba la kanisa lina ukubwa wa ekari moja na nusu. Tulipanda michungwa 64, miche ya kubebesha, ili matunda yake yasaidie ada za watoto wa sekondari ambao wazazi wao wametangulia. Miaka ya mwanzo tulibeba maji kichwani kutoka kisimani. Mwaka wa nne tulivuna kidogo, tukalipa ada ya watoto wawili, na Jumapili ile tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Mwaka wa tano majani yakaanza kuwa ya njano.

Mwanzoni ilikuwa miti michache ya upande wa bondeni. Masika yalipokwisha, njano ilikuwa imepanda juu mpaka katikati ya shamba. Matawi mengine yalikauka ncha. Machungwa yalidondoka yakiwa madogo, na baadhi yaliyobaki yalikuwa machachu kupita kawaida. Tulitia samadi, tukaomba, tukatia tena samadi.

Shamba letu limepakana na la mzee mmoja, mtu wa hapa hapa, mwenye minazi na mikorosho. Hatutamtaja jina, naye ameridhia tuandike. Zamani tulikuwa tumebishana naye kidogo juu ya njia ya mbuzi wake, jambo lililomalizwa na mwenyekiti wa kitongoji. Sasa wawili wetu walimwona, jioni mbili tofauti wakati wa magharibi, yuko ndani ya michungwa yetu anavunja vijiti. Hawakumuuliza. Walikuja kutusimulia.

Tunaona aibu kueleza kilichofuata, lakini tumeahidi. Katika ibada ya maombi ya Alhamisi, mmoja wetu aliomba kwa sauti juu ya adui aliyefunga shamba la Bwana. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja ya kutaja, kwa kuwa sote tuliitikia amina tukiwa na sura moja akilini. Watoto walikuwepo wakasikia. Wiki iliyofuata watatu wetu tulikwenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

Hatukukaa. Tulisema tumekuja kumwomba afungue alichokifunga. Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza, "Mimi?" Hatukujibu. Akasema, "Haya, nimesikia," akaingia ndani.

Tangu siku ile mkewe, Bi Mkubwa, hakutuletea tena vitumbua vya asubuhi. Wajukuu wake waliacha kukata kwenye uwanja wa kanisa kwenda kisimani, wakawa wanazunguka njia ndefu. Sisi tulijiambia kwamba mwenye hatia ndiye anayekimbia. Katika nchi yetu wako wazee waliouawa kwa neno kama lile tulilolipeleka mlangoni pake. Tulilijua hilo. Tulilisikia redioni, tukasikitika, tukazima redio, wala hatukujiona sisi ndani ya habari ile.

Kosa la pili lilikuja kwa njia ya simu. Kijana wetu mmoja anayesoma kilimo Morogoro aliona picha tulizomtumia, akatuandikia kwa hofu kwamba huenda huu ni ugonjwa wa ukijani wa michungwa. Alieleza kwamba unaletwa na bakteria, kwamba hauna tiba, na kwamba mti ulioupata hung'olewa. Alitupa mfano wa jimbo la Florida, Marekani. Huko ugonjwa ulithibitishwa mwaka 2005. Msimu wa 2003 na 2004 walikuwa wamevuna zaidi ya maboksi milioni 240 ya machungwa, na msimu wa 2022 na 2023 hawakufikisha milioni 20. Kijana alimaliza kwa kusema tutafute mtaalamu. Sentensi hiyo ya mwisho hatukuipa uzito. Tulishika ile ya kung'oa.

Jumamosi moja tuling'oa miti 11 tukaichoma. Mama aliyekuwa amebeba maji mengi kuliko wote alikaa pembeni na mgongo wake kwa moto. Ajabu ni kwamba hata tulipokuwa tunachoma miti kwa sababu ya bakteria, hatukurudi kwa yule mzee kumwambia kwamba sasa tunamshuku mwingine. Tulikuwa na washitakiwa wawili kwa kosa moja, na wote tulikuwa tumeshawahukumu.

Bibi shamba alifika wiki mbili baadaye kutoka Kilwa Masoko. Alitazama majivu, akauliza swali moja tu: "Mlipima?"

Kisha akatoa kalamu mfukoni. Alichuma jani kwenye mchungwa uliosimama, akalilaza kwenye kiganja. Jani lina mshipa mkuu unaoligawa pande mbili. Alichora duara dogo upande wa kulia wa mshipa, na duara jingine mahali hapo hapo upande wa kushoto. "Sasa niambieni," akasema, "yaliyomo ndani ya duara hili na hili yanafanana?" Tuliangalia. Yalifanana. Njano ilikuwa katikati ya mishipa, na mishipa yenyewe ilibaki ya kijani, upande huu kama upande ule. Alisema jani lenye njaa ya madini, hasa zinki, hugeuka namna hiyo, kwa mpango, pande zote sawa. Jani la mti wenye ugonjwa wa ukijani huwa na mabaka yasiyo na mpango. Upande mmoja njano, upande wa pili mahali pale pale kijani. Aliongeza kwamba dalili za matunda nazo zina sura yake: chungwa hupinda upande, mbegu zake huwa nyeusi na kufa ndani, na linapoiva hubaki kijani kwenye kitako. Ndiyo maana ugonjwa ukapewa jina lile.

Tulizunguka shamba lote na kalamu. Kwenye miti mingi maduara yalifanana. Upande wa bondeni alichimba kidogo karibu na shina, akatoa mizizi ya kahawia iliyovuliwa ganda kwa kuvutwa tu na vidole. Maji ya masika yalikuwa yametuama pale na mizizi ikaoza. Sisi tuliopita hapo kila siku hatukuwahi kuinama.

Miti 3 tu ndiyo ilimfanya asimame muda mrefu. Maduara yake hayakufanana. Alisema, "Hii siwezi kuisemea kwa macho. Jani linaweza kudanganya hata mtu mwenye uzoefu." Alichuma majani pamoja na vikonyo vyake kutoka pande nne za kila mti, akayafunga kwenye karatasi, akaandika namba ya kila mti, akayatia kwenye kisanduku chenye barafu. Safari ya maabara ikaanza kwa basi la asubuhi.

Wakati tunasubiri majibu, yule kijana wetu alikuja likizo. Jumapili baada ya ibada alitufundisha mambo ambayo tungepaswa kuyajua kabla ya kushika shoka. Tunayaeleza hapa kwa kifupi, kwa sababu yametufundisha kuhusu ukweli kuliko tulivyotegemea.

Bakteria huyu anaishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula kutoka kwenye majani. Anahamishwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, mdogo kuliko punje ya mchele, na pia na mkono wa mtu anayebebesha mche kwa kikonyo kilichotoka kwenye mti mgonjwa. Mti unaweza kukaa naye miezi mingi au miaka bila kuonyesha dalili. Tena hakai sawasawa mwilini mwa mti. Tawi hili linaye, tawi lile hana.

Wataalamu wenyewe walihangaika naye miaka mingi. Afrika Kusini waliiona njano hii mwishoni mwa miaka ya 1920, na wako waliodhani ni tatizo la udongo. Mwaka 1956 mtaalamu wa China, Lin Kung-Hsiang, alionyesha kwamba ugonjwa huhama kutoka mti hadi mti kwa kubebesha, kwa hiyo haukuwa udongo. Mwaka 1965 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba mdudu mfyonza utomvu anaueneza. Wengi waliamini ni kirusi. Mwaka 1970 watafiti wa Ufaransa walipasua mishipa ya jani, wakatazama kwa hadubini ya elektroni, wakaviona vijidudu ambavyo havikuwa virusi. Baadaye dawa ya penisilini ilipunguza dalili kwenye miti iliyotibiwa nayo, na penisilini haina nguvu juu ya virusi. Inashambulia ukuta wa bakteria. Ndipo wakajua wanashughulika na kiumbe wa aina gani. Jina la kisayansi alilipata baada ya vinasaba vyake kusomwa: Liberibakta.

Hata hapo jina lake halijakamilika. Desturi ya wanasayansi ni kwamba ili kuthibitisha kijidudu ndicho kinacholeta ugonjwa, unakitoa kwa mgonjwa, unakiotesha peke yake, unakiweka kwa mzima, akiugua unakitoa tena ukione ni kile kile. Huyu amewashinda kumwotesha peke yake kwa namna hiyo. Kwa hiyo mbele ya jina lake wameweka neno la Kilatini, kandidatusi, maana yake mgombea. Ushahidi dhidi yake ni mwingi, miti inakufa mbele ya macho yao, lakini kwa sababu hatua moja haijakamilika wamekubali kuandika neno hilo kila wanapomtaja. Mmoja wetu aliposikia hivyo alisema polepole, "Sisi hatukumpa yule mzee hata neno moja la mgombea."

Kijana akaendelea. Wako Liberibakta wa Asia na wa Afrika. Yule wa Afrika, pamoja na mdudu wake, hapendi joto kali. Hustawi zaidi nyanda za juu zenye baridi. Yule wa Asia huvumilia joto, na mdudu wake hupenda sehemu za chini zenye joto kama huku kwetu pwani. Kwa hiyo jina si mapambo. Mkulima wa Miteja akiambiwa ni wa Asia, ana sababu ya kuogopa kuliko akiambiwa ni wa Afrika.

Maabara huwatenganisha kwa vinasaba. Husaga mshipa mkuu wa jani, hutoa vinasaba vilivyomo, kisha mashine hupasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, mpaka kipande kimoja kinachotafutwa kimenakiliwa mara nyingi na kuweza kuonekana. Katika kipimo kimoja kinachotumika sana, kipande cha bakteria wa Asia huwa na urefu wa herufi 703 za vinasaba, na cha wa Afrika herufi 669. Tofauti ni 34 tu.

Hapa ndipo aliposimulia habari iliyotuchoma. Katikati ya miaka ya 2010 ilitolewa taarifa kwamba bakteria wa Asia amepatikana Uganda. Kipimo kilikuwa kimesema hivyo. Kwa wakulima wa Afrika Mashariki hiyo ilikuwa habari nzito. Mwaka 2017 watafiti wa Afrika Kusini, Kenya na Tanzania walichapisha uchunguzi mwingine. Walikuwa wamekusanya majani ya michungwa ya eneo letu hili, na badala ya kuridhika na kipimo cha haraka, wakasoma vinasaba herufi kwa herufi. Kumbe aliyekuwemo ni jamaa wa yule wa Afrika, aina iliyojulikana kwanza kwenye mti wa porini wa ukoo wa mchungwa. Kipimo cha haraka kilikuwa kimedanganyika kwa kufanana kwao. Wakaandika hivyo waziwazi, katika jarida linalosomwa na wataalamu wa dunia nzima, ili kila aliyelisikia jina la kwanza asikie na la pili.

Hatukuwacheka wale waliotangulia kukosea. Walikuwa na jani mkononi na mashine mezani, na bado walikosea. Sisi tulikuwa na giza la magharibi na ugomvi wa mbuzi.

Wala kijana hakutuacha tukajisahau. Alisema hatari ni ya kweli. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba mdudu yule wa Asia ameonekana Morogoro, na baadaye akaripotiwa Unguja na pwani ya Kenya. Mdudu huyo hukaa hata kwenye mti wa karipata, ule ambao majani yake hutiwa kwenye mchuzi. Anayebeba mche au tawi kutoka mkoa mwingine bila kukaguliwa anaweza kumbeba naye bila kujua. Kisha kijana akasimama mbele yetu akaomba msamaha kwa ujumbe wake wa simu, ingawa kosa kubwa lilikuwa letu.

Majibu ya maabara yalikuja: kwenye majani ya ile miti 3, bakteria hakuonekana. Wapo waliotaka tupige kengele ya kanisa. Bibi shamba alituzuia. Alisema, "Hawajasema miti ni mizima. Wamesema kwenye majani haya hawakumkuta." Kwa kuwa bakteria hakai sawasawa ndani ya mti, tulitakiwa kuchukua majani mengine baada ya miezi sita. Tukachukua, na majibu yakawa yale yale. Hata leo tunasema "hajaonekana", hatusemi "hayupo".

Miti mingine tuliinyunyizia zinki kama tulivyoelekezwa, na bondeni tukachimba mfereji wa kutoa maji. Mvua za vuli zilipokuja, machipukizi yalitoka ya kijani. Tungefurahi kabisa kama si yale mashimo 11. Yale tuliyoyachoma hatutajua kamwe yalikuwa na nini. Majivu hayapimwi.

Hapo tena hatukuwa na pa kukimbilia. Tulijua ni lazima twende kwa mzee, na kwa majuma matatu kila mmoja alikuwa na shughuli. Mwinjilisti wetu ndiye aliyetubana. Alituuliza kama tunakumbuka mfano wa mtini katika Injili ya Luka, sura ya 13. Tulikumbuka vizuri sana. Tulikuwa tumeuhubiri mwezi ule ule wa shoka. Mwenye shamba anataka mti ukatwe, na mtunzaji anaomba apewe mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kutia samadi. Mwinjilisti akasema, "Mtunzaji alitaka kuchimba. Bibi shamba alichimba. Ninyi mlichimba nini kabla ya kwenda kwa mzee?" Akatukumbusha ile amri inayokataza ushahidi wa uongo juu ya jirani. Tulikuwa tumeizoea kama amri ya mahakamani, ya watu wanaoapishwa. Hatukudhani inaingia ndani ya sala.

Tukakubaliana kwamba neno lililosemwa kanisani lirekebishwe kanisani. Jumapili, mbele ya watoto, yule aliyeomba sala ya Alhamisi alisimama akasema, "Nilisema uongo juu ya jirani yetu, nikausema mbele za Mungu." Sisi tulioitikia amina tukasimama pamoja naye. Baada ya ibada tulikwenda kwa mzee sote 12, tukiwa na mwenyekiti wa kitongoji kama shahidi.

Safari hii tulikaa. Mkubwa wetu kwa umri ndiye aliyesema. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaagiza mjukuu alete kitu kutoka kisimani. Mtoto akarudi na kitawi cha mndimu chenye majani ya njano.

"Huu mndimu wangu wa kisimani ulianza kuwa hivi kabla ya michungwa yenu," mzee alisema. "Nikaja kutazama kama ni ugonjwa mmoja. Nilivunja vijiti viwili nikalinganishe. Nilikuja magharibi kwa sababu mchana niko mikoroshoni. Sikuomba ruhusa, na hilo ni kosa langu. Lakini wanangu, ninyi mlianza na mimi. Mngeanza na jani."

Hakuna aliyekuwa na la kusema. Mtu tuliyemwita adui ndiye peke yake katika kitongoji aliyekuwa amefanya kazi ambayo ingetuokoa: kuchukua jani la huku na jani la kule, na kuyatazama.

Mkubwa wetu akauliza kama anaweza kutusamehe. Mzee alisema, "Mimi nimesamehe. Hata ile siku nilisema nimesikia, sikusema zaidi. Lakini huyu binti," akamwonyesha mtoto aliyeleta kitawi, "shuleni wamemwita mjukuu wa mchawi mwaka mzima. Hilo mtalitoaje?"

Swali hilo tunalo mpaka leo. Tulikwenda shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, tukawaambia watoto kwamba sisi watu wazima wa kanisa tulisingizia. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale tuliojua tumewasimulia. Tuligundua kwamba neno lilikuwa limefika hata kwa watu tusiowafahamu, na kwamba wengine walitaka kuendelea kuliamini kwa sababu lilikuwa tamu kuliko habari ya zinki. Mti ukinyunyiziwa zinki, msimu mmoja tu majani mapya hutoka. Kwa mtoto yule haikuwa hivyo.

Wapendwa, hatuandiki haya ili mtu aache kuomba juu ya shamba lake. Sisi tunaomba mpaka leo. Lakini tumebadilisha namna ya kuomba. Tulikuwa tunamwambia Bwana nani ametuharibia na tunamwomba amshughulikie. Sasa tunamwomba atupe macho ya kuona kilichopo, subira ya kusubiri majibu, na ujasiri wa kurudi pale pale tuliposema kitu kisicho kweli ili tukirekebishe. Tunaamini mwanasayansi anayeandika neno "mgombea" mbele ya jina, na mtafiti anayerekebisha taarifa mbele ya dunia nzima, wanatunza jambo ambalo Mungu analipenda, hata kama wao hawalitaji kwa jina hilo.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakagua shamba. Tunabeba kalamu, tunageuza machipukizi kutafuta wadudu, tunachora maduara. Mzee huja na fimbo yake, nasi tukimaliza kwetu tunakwenda kukagua mndimu wake. Yeye haoni vizuri tena, kwa hiyo anatuuliza, "Yanafanana?" Nasi hatujibu mpaka wawili wameangalia.

Bi Mkubwa ameanza tena kuleta vitumbua. Mashimo 11 bado yako wazi, tunasubiri miche iliyokaguliwa. Yule binti siku nyingine hukata kwenye uwanja wa kanisa na ndoo yake, siku nyingine bado anazunguka njia ndefu. Akipita uwanjani tunamwamkia kama tunavyowaamkia wengine, na hatumwulizi kwa nini jana alizunguka.